Ghorofa na Ua: Nyumba za Kupanga Dar es Salaam

Neno ghorofa limetujia kutoka Kiarabu, ambamo asili yake ni chumba. Nasi tukiitazama historia ya nyumba za kupanga za Dar es Salaam, twaona kwamba ni historia ya chumba: nani alikimiliki, na nani alikilipia kodi.

Chini ya Waingereza mji uligawanywa kwa rangi za watu, ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ghorofa zilichipuka Uhindini. Mfanyabiashara alifungua duka chini, akakaa juu na jamaa zake, na vyumba vilivyosalia akavipangisha. Wengine wakaandika jina na mwaka wa ujenzi katika paji la nyumba.

Kariakoo mambo yalikuwa mengine. Huko ilisimama nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa wanawake, alikaa chumba kimoja akapangisha vingine. Mzaramo, Mndengereko, Mluguru na Mnyamwezi walikoka moto katika ua mmoja, wakagombania kamba moja ya kuanikia nguo, na ugomvi wao wakausuluhisha kwa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyowatosha wote. Sisi hatuijui shule iliyoifundisha lugha ya taifa kuupita ua huo.

Baada ya Uhuru mji ulifurika. Wakazi waliokuwa kiasi cha 129,000 mwaka 1957 walifika kiasi cha 273,000 mwaka 1967. Viwanda vilijipanga kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu, lakini mahitaji yaliutangulia ujenzi. Wafanyakazi wengi walipotoka zamu walirudi kulala katika vyumba vya kupanga vya Manzese.

Mwaka 1971 ikapitishwa sheria: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakatwaliwa, yakakabidhiwa Msajili wa Majumba. Jengo lililopita umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Shabaha ilikuwa kukomesha unyonyaji, nayo ilikuwa ya haki; lakini sheria haikumtenga tajiri wa ghorofa nyingi na mzee wa ghorofa moja, na Waasia wengi wakahama nchi. Na funguo je? Tusifichane, sisi watumishi wa serikali: ziliwaangukia watu wa maofisini kuliko watu wa mitambo. Kodi ikawa ndogo, isitoshe matengenezo. Mabomba yakavuja, rangi ikabambuka. Mwaka 1990 majengo hayo yakahamishiwa Shirika la Nyumba.

Tangu miaka hiyo ya 1990 nyumba za vyumba sita za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya moja, kupisha ghorofa ndefu zenye maduka chini. Wapangaji wengi wamesogea Mbagala na Gongo la Mboto, na huko wengine wamekuta ukumbi uleule, vyumba kila upande, na ua wenye kamba moja.