Supanova ya 1987 katika Anga ya Maniema

Livingstone, aliyeuguzwa vidonda vya miguu Kabambare mwaka 1870, alipima latitudo kwa nyota, alama zilizodhaniwa kuwa thabiti. Tarehe 24 Februari 1987 uthabiti huo ulivunjika tena: Ian Shelton, akiwa Las Campanas nchini Chile, aligundua mlipuko katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka-nuru 168,000 hivi. Kasongo na Kabambare zi nyuzi 4 na ushei kusini mwa Ikweta. Huko wingu hilo hupanda nyuzi 25 tu juu ya upeo wa kusini, lakini mlipuko uliweza kuonekana kwa macho matupu.

Hata hivyo, ulikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Nadharia ilidai kwamba nyota ya namna hiyo hufa ikiwa nyekundu na iliyotanuka. Picha za awali zilionyesha nyota ya buluu, ndogo zaidi. Kwa mujibu wa hesabu, nishati nyingi ya joto ilimalizikia katika kuutanua mwili huo mdogo. Mng'ao wa kilele, mwezi Mei, ulilishwa na nikeli iliyogeuka kobalti, kisha chuma. Uhafifu wenyewe, basi, ndio uliosahihisha nadharia. Na jina "nyota mpya" lapotosha: iliyong'aa ilikuwa nyota iliyofikia ukomo wake.