Tiba ya Jamii katika Mafunzo ya Daktari wa Familia: Mfano wa Ufipa

Tiba ya jamii ni sehemu ya masomo ya ubingwa wa tiba ya familia inayomfundisha daktari kuchunguza afya ya kijiji au kata nzima kwa umakini uleule anaoutumia kwa mgonjwa mmoja. Daktari hujifunza kufuata chanzo cha maradhi hadi kilipo, mara nyingi nje ya wodi: shambani, kisimani, sokoni au jikoni.

Historia

Mwaka 1940 madaktari Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya huko Pholela, Afrika Kusini, wakaunganisha tiba na uchunguzi wa kaya. Azimio la Alma-Ata la 1978 liliipa huduma ya afya ya msingi uzito wa kimataifa; Tanzania ilikuwa imeshaelekeza nguvu zake vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967. Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, na nchini Tanzania Chuo Kikuu cha Aga Khan kimeutoa jijini Dar es Salaam.

Kusini-magharibi mwa Tanzania, daktari wa kuishi na jamii alijulikana kabla ya masomo hayo. Adrian Atiman, aliyesomea udaktari Malta, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kuhudumu huko kwa zaidi ya miaka 60. Hospitali mojawapo ya Sumbawanga, mji wa Ufipa, ina jina lake.

Hatua za uchunguzi

Daktari huanza kwa kuainisha jamii: idadi ya watu, umri wao, kazi zao na umbali wao na zahanati. Husoma takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kisha hupita kaya kwa kaya pamoja na mhudumu wa afya ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa rejesta haina habari za asiyefika kutibiwa. Matokeo hurudishwa kwenye mkutano wa kijiji, wananchi huchagua tatizo la kuanza nalo, mpango hutekelezwa, na baada ya muda vipimo hurudiwa.

Udumavu Ufipa

Uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huvuna mahindi na maharage mengi ya kuuza nje ya mkoa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30.

Mizani peke yake haiwezi kulibaini tatizo hili. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaolingana na urefu wake. Ni urefu huo usiolingana na umri. Hivyo daktari humlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia, husoma kadi ya kliniki, kisha huuliza: mtoto hula mara ngapi kwa siku? Uji wake una nini zaidi ya unga? Nani humlisha mama anapokuwa shambani msimu wa kilimo? Maji ya kunywa hutoka wapi? Maharage yaliyovunwa yamebaki kiasi gani baada ya kuuzwa?

Kutokana na majibu hayo mpango huwahusisha pia baba, bibi, bwana shamba na serikali ya kijiji. Mafanikio yake hupimwa kwa urefu wa watoto wanaozaliwa baadaye, kwa kuwa sehemu kubwa ya udumavu hutokea kati ya mimba na umri wa miaka miwili, na ukishapita umri huo ni vigumu kuurekebisha.