Betri Iliyojaa Juu ya Mlima: Breki na Usaidizi wa Dereva katika Lori la Umeme, Kitale hadi Bungoma

Kanuni za usalama barabarani ambazo Wakenya wanazijua kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilitangazwa 2003 zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Wengi wanazikumbuka kwa mikanda ya viti na mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Kwa wenye malori, jambo zito lilikuwa kidhibiti mwendo: gari la biashara lenye uzani wa zaidi ya kilo 3,048 lisizidi kilomita 80 kwa saa. Hicho ndicho kilikuwa kifaa cha kumsaidia dereva, au cha kumlazimisha, kilichotiwa ndani ya sheria muda mrefu kabla ya mtu yeyote Kitale kusikia habari za rada na kamera ndani ya gari. Kilikuwa na pengo moja kubwa. Kiliibana injini, hakikuyabana magurudumu. Dereva akifika kileleni akaweka nyutro, injini hubaki ikinguruma taratibu, kidhibiti hakina la kufanya, na lori huteremka kwa mwendo linaoutaka lenyewe.

Barabara ya Sachangwan hadi Salgaa, mteremko mrefu kati ya Eldoret na Nakuru, imetoa ushahidi wa kutosha. Kwa miaka mingi polisi na wakaguzi waliitaja nyutro kuwa mojawapo ya sababu za malori kushindwa kusimama pale, na baada ya ajali ya Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, serikali ilijenga kizuizi cha kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Kizuizi huzuia magari yasigongane uso kwa uso. Hakimwondolei dereva sababu ya kuweka nyutro.

Makala haya yanadai kwamba lori la umeme linaweza kuturudisha kwenye pengo hilohilo kwa mlango mwingine. Katika lori la namna hiyo, mfumo wa kumsaidia dereva na mfumo wa breki si vitu viwili vinavyoweza kukaguliwa kila kimoja peke yake. Kile ambacho kompyuta inamwahidi dereva kinategemea mambo ambayo kompyuta haiyatawali: betri ina nafasi kiasi gani, mzigo ni tani ngapi, mlima ni mrefu kiasi gani, na breki za upepo zilikazwa lini. Tukikagua kifaa kimojakimoja kama tulivyokagua vidhibiti mwendo, tutakuwa na magari yaliyofaulu kila jaribio na yasiyoweza kushuka mteremko wa Kamatira, kaskazini mwa Kitale, kwa usalama.

Nikiri mapema kwamba lori zito la umeme bado ni nadra huku kwetu. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi 2022, na rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa umeme ikatolewa 2024. Trans Nzoia na Bungoma zimeanza kwa pikipiki. Lakini mahindi ya Kitale na sukari ya Bungoma havibebwi kwa pikipiki, na ni heri mjadala uitangulie mizigo.

Tuanze na fizikia, maana hapo ndipo hoja ilipo. Mguu wa dereva ukiachia pedali ya mwendo, mota ya lori la umeme hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na gari hupunguza mwendo. Lori la tani 40, uzani ulio chini ya kikomo cha tani 56 kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, hutoa nishati ya karibu kilowati-saa 11 kwa kila mita 100 linazoshuka. Sehemu yake huliwa na msuguano wa matairi na upepo. Inayobaki lazima iende mahali. Kwenye mteremko wa asilimia 6, ukiushuka kwa kilomita 30 kwa saa, breki inapaswa kumeza takribani kilowati 175 muda wote. Ukiushuka kwa kilomita 60, maradufu.

Betri ikiwa na nafasi, hii ni neema. Machimboni Péry, Uswisi, lori kubwa la kubeba mawe lilibadilishwa likawa la umeme: hupanda tupu na kushuka na shehena ya tani 65, na kwa mpangilio huo hurudisha umeme mwingi kuliko linaoutumia kupanda. Ila katika mfano huo mlima umepangwa vizuri kwa ajili ya betri. Mzigo uko juu, betri inafika juu ikiwa imepungua.

Kaskazini mwa Kitale mpangilio ni kinyume. Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Lodwar kama mita 500. Katikati yake kuna mteremko wa Kamatira, unaojulikana na kila dereva wa barabara hiyo, kisha Marich. Mwenye lori mwenye akili timamu, akijua kwamba mbele ni Turkana, ataijaza betri yake kwenye mji wa mwisho wenye umeme wa uhakika, yaani juu ya mlima, asilimia 100. Ataanza kushuka akiwa na shehena nzima na betri isiyoweza kupokea hata kilowati-saa moja. Pedali aliyoizoea, ile ambayo kila siku ikiachiwa gari hujivuta nyuma lenyewe, leo ikiachiwa gari linaserereka tu.

Hapa ndipo usaidizi wa dereva unapoingia na kukoroga mambo. Kidhibiti mwendo cha kisasa, kinachopima umbali wa gari la mbele kwa rada na kulifuata, huchagua mwendo kwa kuangalia mbele: je, njia iko wazi? Kikikuta wazi, hushika kilomita 60 ulizokiwekea. Lakini mwendo salama wa kuteremka Kamatira hauamuliwi na gari la mbele. Unaamuliwa na kiasi cha nguvu ambacho betri na mota vinaweza kumeza dakika ile, na betri ikiwa imejaa, na kiasi cha joto ambacho dramu za breki zinaweza kuvumilia. Mfumo mzuri hufanya hesabu hiyo kabla ya kileleni na kupunguza mwendo mapema. Mfumo usioifanya huanza kushuka kwa kilomita 60, hukuta betri imekataa, kisha huukabidhi mzigo wote kwa breki za upepo bila dereva kugusa chochote. Dereva haoni kitu hadi lainingi zianze kunuka.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Baadhi huweka vipingamizi vya kuchoma umeme wa ziada uwe joto, kama vichwa vya treni vya dizeli-umeme vinavyofanya tangu zamani. Wengine huacha sehemu ya betri tupu kwa makusudi. Na kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari mazito ina jaribio la mteremko: asilimia 6, kilomita 6, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Hilo ni anguko la mita 360. Ni jaribio la maana, lakini mwendo wake ni ule wa dereva mwangalifu aliyeingiza gia nzito. Haujibu swali la mfumo uliochagua mwendo wenyewe.

Kuna wanaosema, na wana hoja, kwamba lori la umeme litatibu ugonjwa wa Salgaa. Dereva wa dizeli aliweka nyutro ili lori liende mbali kwa mafuta kidogo, mara nyingine kwa sababu mafuta yaliyobaki tangini yalikuwa kipato chake. (Hesabu yenyewe ina walakini: injini ya kisasa ya dizeli ikizungushwa na magurudumu ndani ya gia hukata mafuta kabisa, lakini kwenye nyutro huendelea kunywa ili isizime.) Katika lori la umeme, kila mita ya mteremko inayoshukwa mota ikiwa kazini ni umeme uliopatikana bure. Tamaa na usalama, mara hii, vinavuta upande mmoja. Nalikubali hilo kabisa, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuyatamani malori haya. Lakini tamaa hiyohiyo ndiyo inayomfundisha dereva, siku baada ya siku, kuusahau mguu wa breki. Mazoea yakishakaa mwilini hayaulizi kama leo betri imejaa.

Upande wa kusini, kutoka Kitale kuelekea Bungoma, tatizo ni lingine. Kitale iko karibu na mita 1,900, Bungoma karibu na 1,400, lakini mita hizo 500 haziko katika mlima mmoja. Ni miteremko mifupi ya kwenda mitoni na kupanda tena, na masoko ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu kando ya lami, hadi Webuye unapoingia barabara kuu ya Malaba. Hapa betri haijai. Kinachosumbua ni matuta, mashimo na bodaboda.

Madhara ya tuta kwa breki za namna hii yalishaonekana: mwaka 2010 Toyota iliita tena magari ya mseto takribani 437,000 duniani kote, mengi yakiwa Prius, kwa sababu ya jambo dogo ukilisimulia. Gari likipita kwenye tuta au barafu huku breki imekanyagwa kidogo, gurudumu hupoteza mshiko, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame) huingia kazini, breki ya umeme huachia, na breki ya kawaida huchelewa kidogo kuishika nafasi yake. Dereva alihisi kana kwamba gari limeteleza mbele. Dawa ilikuwa programu mpya. Hilo lilikuwa gari dogo lenye breki za mafuta, ambazo huitika upesi. Breki za upepo ni nzito zaidi: kanuni ile ya namba 13 inaruhusu hadi sekunde 0.6 tangu pedali ikanyagwe hadi shinikizo kwenye breki ya mbali zaidi lifike asilimia 75. Kwa kilomita 60 kwa saa, hizo ni mita 10. Mota, kwa upande wake, hubadilika ndani ya milisekunde chache. Kazi ya kompyuta ni kumpisha mmoja na kumwingiza mwingine bila dereva kuhisi ufa kati yao, na kwenye barabara yenye tuta kila soko, hata nusu ya muda ule ni zaidi ya urefu wa bodaboda na abiria wake.

Breki ya dharura ya kiotomatiki haiwezi kuokolewa na mota. Mota ya kilowati 350 kwenye lori la tani 40 likienda kilomita 80 kwa saa hulipunguzia mwendo kwa takribani mita 0.4 kwa sekunde kila sekunde. Kusimama kwa dharura kunataka mara kumi ya hapo na zaidi. Kwa hiyo rada ikiona trekta la miwa bila taa jioni karibu na Webuye (ikiiona, maana miwa inayoning'inia nyuma hairudishi mwangwi wa rada kama bati), amri itakwenda kwa breki za upepo. Breki ambazo, kwa sababu mota imekuwa ikifanya kazi yote ya kila siku, zimekaa wiki nzima bila kupata joto, dramu zina kutu, lainingi zimeng'aa.

Nenda Tuwan, pembeni mwa mji wa Kitale, msimu wa mavuno. Lori la magunia limeinuliwa gurudumu moja kwa jeki, fundi kalala chali juu ya katoni, spana mkononi. "Kijana, kanyaga!" Tanboi anakanyaga, upepo unapumua. "Achia!" Fundi anazungusha gurudumu kwa kiganja, anasikiliza lainingi inavyokwaruza dramu, anakaza robo mzunguko, anazungusha tena. Kipimo chake ni sikio, na ni sikio zuri. Lakini alifundishwa na magari ambayo dereva hulalamika breki zikilegea. Katika lori la umeme dereva halalamiki, kwa sababu huzitumia kwa nadra. Wa kwanza kugundua kwamba zimelegea atakuwa kompyuta, sekunde ile inapozihitaji zote.

Kwa hiyo ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wa magari haya hautoshi ukiuliza kama rada inafanya kazi na kama breki zinafikia kipimo kwenye roli, kila kimoja kwa foleni yake. Gari lipimwe likiwa limebeba, betri ikiwa imejaa, kidhibiti mwendo kimewashwa, kwenye mteremko halisi. Kamatira ipo, haihitaji kujengwa. Chaja za umma zitakazowekwa Kapenguria ziwe na kikomo kwa malori yanayoelekea kaskazini: asilimia 85, kwa mfano, na dereva aonyeshwe kwa nini. Kompyuta ilazimishwe kutumia breki za upepo peke yake mara kadhaa kwa wiki, ili zipate joto na hitilafu ijulikane mapema. Na lori la umeme lililotumika likiingia Mombasa, lije na kumbukumbu zake za programu za breki, siyo cheti cha moshi ambao halina.

Trela nalo halijaguswa na haya yote. Kichwa kipya cha umeme kinaweza kufungwa nyuma yake trela la zamani lisilo na waya wa ABS, lenye breki za upepo tu, likirudi tupu kutoka Malaba kwenye lami iliyolowa. Mota itapunguza mwendo wa ekseli ya kichwa peke yake, trela litaendelea kusukuma, na ekseli nyepesi ya nyuma ya kichwa itaanza kuteleza kando kabla ya mfumo wowote kuamua kwamba kuna dharura. Fomu ya ukaguzi nayo iulize kichwa gani kinavuta trela gani.