Kung'oa nanga si kupiga teke

Mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniuliza majuzi: "Prof, 'kick off' kwa Kiswahili ni nini?" Nikamwambia afungue gazeti. Humo muhula, kampeni na ligi, vyote huwa "vimeng'oa nanga".

Tuanze na Waingereza wenyewe. Kitenzi chao hicho kina maana kadhaa: mtu hurusha miguu viatu vikamtoka, ugomvi huzuka, shughuli huanza. Maana hii ya tatu ilitoka uwanjani. Kanuni za kandanda zilizoandikwa London mwaka 1863 ziliagiza mchezo uanze kwa kuupiga teke mpira uliowekwa katikati ya uwanja. Baadaye hata mikutano, isiyo na mpira wala teke, ikasemwa vivyo hivyo.

Msemo wetu ulitoka baharini. Nenda Bandari ya Kale, pale chini ya Mji wa Kale, Mombasa. Kwa karne nyingi majahazi yaliletwa pale na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakangoja kusi ndipo yarejee makwao. Siku ya kuondoka mabaharia waling'oa nanga, wakatweka tanga. Neno nanga lenyewe nalo ni msafiri. Wataalamu hulinasibisha na "langar" la Kiajemi. Gati za maji ya kina zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, meli kubwa zikahamia ng'ambo ile ya kisiwa, na hatimaye majahazi yakapungua. Msemo haukupungua, ulipanda bara ukaingia magazetini.

Mbona nayashikilia haya? Kwa sababu nasikia vijana wakidai ati Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Kinayo! Shida ni kuyatumia bila kujua yalikotoka. Anayeng'oa nanga ana chombo, ana nahodha, na ana safari mbele yake. Basi tamasha la juma zima laweza kung'oa nanga, na likiisha likatia nanga. Lakini moto sokoni haung'oi nanga, huzuka. Ugomvi nao huzuka, mvua huanza kunyesha, na viatu huvuliwa tu.

Kwa hivyo, msomaji, ukikutana na kitenzi hicho cha Kiingereza, usikimbilie kamusi. Jiulize kwanza: ni nini kinachoanza, na je, kina safari? Jibu litakuchagulia kitenzi.