Vijana wa Carlisle, 1912

Ukisikia Wamarekani wakitaja futiboli, msomaji, usidhani kuwa ni mpira huu tuuchezao sisi. Mpira wao una umbo la yai. Mchezaji huukumbatia kifuani akakimbia nao, na adui zake humrukia ili wamwangushe. Ushindi mkubwa ni kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa upande wa pili. Zamani mchezo huu ulikuwa mkali hata vijana wakafa uwanjani, na mwaka 1906 sheria zilibadilishwa ili kupunguza hatari. Waliovuma kwa kuucheza walikuwa wana wa matajiri katika vyuo kama Harvard na Yale. Lakini timu nitakayokusimulia haikutoka kwa matajiri.

Katika mji wa Carlisle, jimbo la Pennsylvania, palikuwa na kambi kuukuu ya jeshi. Mwaka 1879 afisa mmoja, Richard Henry Pratt, aliigeuza kuwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Watoto walitolewa makwao, safari ya siku nyingi kwa gari moshi. Wakanyolewa nywele zao ndefu, wakavikwa sare kama za askari, wakapewa majina mapya, wakakatazwa kunena lugha za mama zao. Pratt hakuificha nia yake: alitaka uenyeji ufe ndani ya mtoto, ndipo mtoto, kwa maoni yake, aokoke. Wengi waliugua, na zaidi ya 180 walizikwa papo hapo shuleni. Wewe uliye bwenini, unayehesabu siku za likizo, fikiri juu ya mtoto aliyekaa miaka mitano pasipo kumwona mama yake.

Vijana hao waliupenda mpira. Mmoja alipovunjika mguu Pratt aliukataza. Wenzake wakamwendea kumsihi. Akakubali kwa masharti mawili: wasimpige mtu ngumi hata wakichokozwa, na baada ya miaka michache wazishinde timu kubwa za nchi. Wakayatimiza. Mwaka 1911 waliishinda Harvard kwa alama 18 kwa 15.

Msimu wa 1912 ndio uliovuma zaidi. Jim Thorpe, kijana wa kabila la Sac na Fox, alikuwa amerudi kutoka michezo ya Olimpiki ya Stockholm na medali mbili za dhahabu. Gus Welch, wa kabila la Ojibwe, ndiye aliyeongoza mashambulizi, na mwalimu wao alikuwa Glenn Warner, mtu mwenye hila nyingi za mchezo. Karibu kila juma walisafiri kwenda kucheza ugenini, maana huko ndiko kulikokuwa na viwanja vikubwa na fedha za viingilio. Walicheza mara 14. Walishinda mara 12, wakatoka sare mara moja, wakashindwa mara moja tu, na chuo cha Pennsylvania.

Walakini siku isiyosahaulika ni tarehe 9 Novemba, walipokwenda West Point, chuo cha maafisa wa jeshi. Yafaa ukumbuke kwamba ilikuwa imepita miaka 22 tu tangu jeshi hilo liue watu zaidi ya 150 huko Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwamo. Sasa wana wa walioshindwa walisimama mbele ya maafisa wa kesho, tena katika uwanja wao wenyewe. Miongoni mwa wanajeshi hao alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1953.

Jeshi lilitangulia kupata alama 6. Hata wakati wa mapumziko Carlisle walikuwa mbele kwa moja tu, 7 kwa 6. Kipindi cha pili nahodha wa Jeshi alishindwa kujizuia, akamvamia Joe Guyon wa Carlisle, akatolewa uwanjani. Carlisle hawakulipa kisasi kwa ngumi. Thorpe aliwapenya adui tena na tena, Alex Arcasa akaufikisha mpira mwisho mara tatu, na mchezo ukaisha 27 kwa 6. Nadhani hata Pratt, aliyekuwa ameondolewa shuleni mwaka 1904, hakupata kuwaza siku kama hiyo.

Sifa hazikuwakinga. Januari 1913 ilijulikana kuwa Thorpe aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli, akanyang'anywa medali zake. Heshima yake kama mshindi pekee ilirudishwa kamili mwaka 2022, ilhali yeye alikufa 1953. Na fedha za viingilio zilikwenda wapi? Welch ndiye aliyeuliza. Wanafunzi zaidi ya 200 walitia sahihi ombi la kutaka shule ichunguzwe, na mwaka 1914 kamati ya Bunge ikaja Carlisle. Welch akasimama mbele yake akamshtaki Warner, mwalimu aliyemfikisha kwenye ushindi wa West Point, kwa matusi na kwa jinsi alivyowatumia wachezaji. Mkuu wa shule akafukuzwa kazi. Warner akaondoka, akapata kazi katika chuo cha Pittsburgh.

Shule ilifungwa mwaka 1918. Mabweni yakarudi mikononi mwa jeshi, yakawa hospitali ya askari waliojeruhiwa vitani Ulaya.