Rumangabo: Namna ya kurudisha picha zako toka Facebook, na habari zinazojificha ndani ya picha

Picha ya Rumangabo iliyozunguka dunia ni ya mwezi wa 4 mwaka 2019: mlinzi wa mbuga ya Virunga amejipiga selfi, gorila wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, wamesimama nyuma yake. Yeyote anaweza kuipakua. Lakini picha iliyopita ku Facebook si sawa na ile iliyobaki kwenye telefone iliyoipiga.

Telefone ikipiga picha, inaandika ndani ya faili habari ambazo jicho halizione: siku na saa, aina ya telefone na, kama kamera imeruhusiwa kutumia GPS, mahali penyewe, mara mingi kwa kukosea mita chache tu. Mafundi wanaziita metadata, ao EXIF. Facebook, Instagram na WhatsApp zinaondoa alama ya mahali ukituma picha kwa njia ya kawaida, tena zinapunguza uzito wake. Njo sababu picha ya harusi ukiipakua, telefone inaipanga kwa siku uliyoipakua, si siku ya harusi.

Jambo hili linagusa familia za Rutshuru. Kwa aliyekimbia mapigano mwisho wa 2022 kuelekea Kanyaruchinya na Goma, akaacha albamu nyumbani, pengine sura ya mzazi marehemu imebaki ku Facebook tu. Hakuna haja ya kuchukua moja moja. Katika mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kupakua habari zako. Chagua machapisho peke yake, weka miaka unayotaka ili mega zisiishe bure, omba ubora wa juu. Facebook inatayarisha furushi, kisha inakujulisha. Una siku chache tu za kulichukua. Ukichagua HTML, utasoma kama ukurasa, na tarehe ya kuweka kila picha iko pembeni.

Angalisho: furushi hilo linaweza kubeba zaidi ya picha. Ukiomba kila kitu, pengine ujumbe wako wa siri uko ndani, na hata alama za mahali ambazo watu wengine hawakuziona. Kulipakulia kwenye mashine ya sibakafe na kuondoka bila kulifuta ni kumwachia mwenye mashine maisha yako.

Hatari kubwa zaidi iko ku WhatsApp. Mtu akitaka picha isipoteze ubora, anaituma kama dokima. Hapo EXIF yote inasafiri nayo. Mwaka 2012 John McAfee, Mmarekani tajiri aliyekuwa akijificha polisi ya Belize, alijulikana yuko Guatemala kwa sababu picha ya waandishi waliokuwa naye ilibeba GPS. Siku chache nyuma yake akakamatwa.

Kwa anayetuma picha toka sehemu yenye silaha, azime kwanza alama ya mahali katika mipangilio ya kamera. Picha za zamani zitabaki na zake. Kwa hizo, kupiga picha ya skrini kunatosha, nakala hiyo haibebi GPS ya kwanza. Mlima Mikeno ukionekana nyuma ya nyumba, lakini, hakuna mpangilio utakaouficha: ukate pembeni kabla ya kutuma.