Kodi imelipwa kuzidi? Hela haijapotea

Mfanyabiashara wa Soni anayepeleka karoti, kabichi na pilipili hoho Dar es Salaam hukadiriwa kodi mwanzoni mwa mwaka, kabla hajajua msimu utakuwaje. Bei ikianguka sokoni au mvua zikiharibu barabara ya kushuka Mombo, mauzo yanapungua lakini makadirio yanabaki palepale. Desemba anakuta kalipa zaidi ya alichotakiwa. Wengi huishia kulalamika kijiweni, wakati sheria inawaruhusu kudai.

Arekebishe mapema

Kodi ya mapato kwa makadirio hulipwa kwa awamu nne. Mwisho ni Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Biashara ikidorora katikati ya mwaka, asisubiri. Aende ofisi ya TRA na kumbukumbu zake, aombe makadirio yarekebishwe kabla ya awamu inayofuata. Ni rahisi kupunguza kodi ambayo haijalipwa kuliko kufuatilia iliyokwishaingia serikalini.

Daftari ni hela

Kwa jedwali la wafanyabiashara wadogo lililoanza mwaka 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya Sh4 milioni hadi Sh7 milioni kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi Sh4 milioni.

Yaani aliyeuza Sh5 milioni na ana daftari analipa Sh30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi hichohicho bila kuandika analipa Sh100,000. Na hiyo Sh70,000 ya juu haidaiwi, kwa sababu kisheria si malipo yaliyozidi. Ndiyo bei ya kutoandika. Viwango huweza kubadilika kila bajeti inapopita, hivyo ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa.

Akishalipa zaidi

Labda kalipa mara mbili kwa simu, au makadirio yamezidi kodi halisi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa miaka mitatu tangu alipolipa kuomba kurejeshewa. Maombi ni ya maandishi. Abebe:

- TIN
- Risiti za malipo
- Namba ya kumbukumbu ya kila malipo
- Daftari la mauzo na risiti za manunuzi

TRA ikikubali, kwanza hutazama kama ana deni lingine la kodi. Likiwepo, ziada hukatwa hapo, kinachobaki ndicho anachorudishiwa. Kwa hiyo asishangae akipata pungufu ya alichoomba.

Asipokubali makadirio

Hapa muda ni mfupi. Ana siku 30 tangu apokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Pia anatakiwa kulipa kwanza sehemu ya kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ipi ni kubwa. Akiona kiasi hicho kinamlemea, anaweza kuomba kupunguziwa au kusamehewa amana hiyo kwa kueleza sababu.

Jambo moja la kuanza nalo leo: risiti za karatasi hufifia. Kila anapolipa, aipige picha kwa simu na asifute ujumbe wa muamala. Miaka mitatu ni mingi kwa karatasi iliyokaa mfukoni.